Baiskeli Iliyokataa Kuondoka na Mvua

Kumepambazuka nusunusu. Ukungu umelala juu ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa, na mwanamke aliyejifunga shuka kuukuu kiunoni amepiga magoti mbele ya ukuta wa udongo, anausugua kwa jiwe. Jiwe lenyewe ni dogo na laini, la mtoni, linaenea kiganjani. Analizungusha taratibu, duara juu ya duara, na kila linapopita udongo unaanza kung'aa.

"Usinisemeshe kwanza," anasema bila kugeuka. "Ukuta ukikauka kabla sijamaliza, nimekwisha."

Mwandishi wa makala haya anatafuta kigoda, anakaa, anafunga mdomo, jambo ambalo si rahisi kwa mtu wa kazi yake. Jua linapochungulia, picha iliyo ukutani inajitokeza polepole. Ni baiskeli nyeusi ya kizamani, imeegemezwa karibu na mlango, na koti la kijivu limetundikwa kwenye usukani. Imechorwa kwa ukubwa wake halisi. Mwandishi anakiri kwamba alipoingia uani, gizagiza bado lipo, aliikwepa asije akaiangusha.

Mwanamke anaposikia hayo anaangua kicheko mpaka jiwe linamponyoka.

"Basi nimeiweza," anasema. "Sasa tuombe mvua isiiweze."

Anacheka, lakini hatanii. Mvua kubwa zimebakiza wiki mbili au tatu. Baiskeli hii ikipona, yeye atabaki kijijini na kazi yake. Ikifutika, atafunga mkoba arudi mjini kwa bintiye, ambako chumba cha uani kimeshapigwa deki na kutandikwa kitanda kinamngoja. Ndivyo walivyoahidiana.

Hapa kijijini anaitwa Mama Uji. Jina lake lingine lipo kwenye kitambulisho, anasema, na likae huko huko. Ana miaka hamsini na tisa. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa mabango: aliandika majina ya maduka, saluni na mabucha, akachora vichwa vya watu walionyolewa vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kunyolewa mle ndani.

"Nusu ya mji ule ilikuwa mwandiko wangu," anasema. "Nilikuwa nikipita barabarani najisoma mwenyewe."

Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki. Kilichomchukua yeye siku mbili, mashine inakitema kwa dakika kumi, na picha ya mwenye duka juu yake, meno yote nje. Mwaka wa mwisho alipata kazi saba tu. Tatu kati ya hizo zilikuwa "Usikojoe hapa."

Ya saba ndiyo iliyomleta huku. Wafugaji walitaka jina la kituo chao cha kukusanyia maziwa liandikwe kwa herufi zinazosomeka kutoka mbali. Alikuja na mkoba mmoja kwa kazi ya siku tatu. Siku ya tatu, akiwa juu ya ngazi, aliinua macho akaona mahali ambapo kilima kilikatwa kupisha barabara. Juu udongo ulikuwa mwekundu, chini yake wa manjano, chini ya huo mweupe, na chini kabisa rangi ya zambarau iliyoiva.

"Nikasema, ala! Miaka thelathini nanunua rangi za kopo zinazoniua kifua, kumbe zingine zimelala hapa zinakanyagwa na ng'ombe. Nilishuka kwenye ngazi, sikumbuki nilivyoshuka. Jioni ile nikawa naulizia chumba."

Chumba alikipata kwa mama mmoja wa miaka sabini na ushei, mfugaji wa ng'ombe watatu, ambaye kijiji kizima kinamwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Wakati ule Shangazi alikuwa na mumewe, mzee mkimya aliyepeleka maziwa kituoni kwa baiskeli kila asubuhi. Walimpa mpangaji wao chumba cha mwisho, chenye dirisha dogo linalotazama kilima.

Msimu wa kwanza ndio uliompa jina.

Kazi ya kuchora ukuta kwa udongo ina wakati wake. Huanza mavuno yakiisha na watu wakaanza kuziba nyufa za nyumba zao, na huisha mvua zikianza. Mama Uji alichimba udongo wake kilimani, akaukausha, akaupepeta kwa chekecheo la unga. Lakini udongo mtupu haushiki, lazima upate gundi. Akafanya kama alivyozoea kufanya mjini alipobandika karatasi za matangazo: akapika uji mzito wa wanga wa muhogo, akauchanganya na rangi, akachora ukuta mzima wa jirani yake. Ulikuwa mlolongo wa ng'ombe wakishuka mtoni, wekundu na weupe. Watu walikuja kuutazama, wengine wakaleta na wageni.

Asubuhi ya pili mbuzi wakafunguliwa.

"Mimi nilikuwa nakunywa chai," anasimulia Shangazi, ambaye muda wote huu amesimama mlangoni akijifanya anapepeta mchele. "Nikasikia krap, krap, krap. Nikasema, nani anakwangua sufuria mapema hivi? Natoka, nakuta mbuzi kumi na wawili wamejipanga ukutani kana kwamba wako hotelini. Wameshawala ng'ombe wa mbele wote, wamebakiza mikia!"

"Shangazi, ulishamsimulia kila mtu."

"Huyu sijamsimulia."

Tangu siku hiyo watoto wakamwita Mama Uji, na jina likakubali. Yeye naye alijifunza. Siku hizi uji wake anauchemsha pamoja na majani ya mwarobaini, unakuwa mchungu hata nzi hawautaki. Mbuzi akilamba mara moja, harudi tena kwenye kuta zake.

Kilichomfanya aitwe nyumba baada ya nyumba, hata hivyo, si uji. Ni swali lake. Haanzi kuchora kabla hajakaa na wenye nyumba nusu siku nzima na kuwauliza jambo moja: "Mwaka huu mmeona nini?" Kisha ananyamaza. Watu huanza na mambo ya kawaida, mavuno, bei, mguu unaouma. Baadaye hutoka yale mengine. Msimu wa kwanza alichora kuta nne. Wa pili kumi na moja. Msimu huu, wa tatu, amechora kumi na saba, na malipo mengi huja kwa maharage, mayai na siku ya kulimiwa shamba lake dogo.

Ukitembea kijijini asubuhi, ukungu ukiwa bado haujainuka, unapita katikati ya mwaka wa watu. Hapa kuna ndama mwenye miguu mirefu kuliko ya mama yake. Pale kuna redio mpya, kubwa kama kabati, maana mwenye nyumba alisisitiza. Kuna ukuta wenye viatu tu, jozi moja ya viatu vya kike vikielekea barabarani, kwa sababu mtoto wa nyumba ile aliolewa mbali. Sura za watu hazipo. "Sura nazikwepa," anasema Mama Uji. "Nikikosea pua ya mtu, tutanuniana mpaka mvua."

Na mvua ikija, vyote huondoka. Usiku na mchana unatiririka ukutani udongo mwekundu na wa manjano, unakatiza uani, unaingia mashambani. Watu hukaa milangoni na vikombe vya chai wakitazama. Mama mmoja alimwambia mwandishi kwamba mwaka juzi aliusindikiza udongo wa ndama wake kwa macho mpaka ulipoingia kwenye mahindi, na mahindi yale yalikuwa matamu.

Kwa Mama Uji mwenyewe hilo lilikuwa donda. Fundi wa mabango hujivunia kazi inayodumu. Msimu wa kwanza alilia chumbani kwake akisikia kuta zake zinavyodondoka. Msimu wa pili alikuwa na bintiye, muuguzi wa mjini, ambaye alikuja kumtazama mama yake mvua ikamkutia hapo.

"Binti yangu alisimama palepale mlangoni," anasema. "Akaona kuta kumi na moja zinakwenda na maji. Akaniambia, 'Mama, kifua chako kibovu, unalala nyumba ya udongo, miezi minne unachora, wiki moja hakuna kitu. Hii si kazi. Hii ni kuota ndoto umefumbua macho.' Nilikasirika, lakini nilijua ana mantiki. Nikamwambia nipe msimu mmoja wa mwisho. Ukuta mmoja ukivuka mvua, niache. Usipovuka, nakuja kwako, na sitabisha."

Walishikana mikono, Shangazi akiwa shahidi.

Mwaka mzima Mama Uji alijaribu. Alijaribu mafuta yaliyochakaa, majivu, utomvu wa miti mitano. Mwisho alikatakata mpungate, ule mmea wa miiba unaopandwa kuzungushia boma, akauloweka pipani siku tisa mpaka maji yakavutika kama makamasi. Ulinuka vibaya sana. Shangazi alitishia kumhamisha yeye na pipa lake. Lakini kibao alichokipaka maji yale, akakisugua kwa jiwe kingali kibichi, alikiweka chini ya bomba la kituo cha maziwa kutwa nzima na rangi haikutoka.

Akabakiwa na kutafuta ukuta. Ndipo mume wa Shangazi alipofariki, usingizini, mavuno yakiwa yanaishia. Baada ya siku arobaini Mama Uji alikaa na Shangazi, akamuuliza swali lake kwa sauti ya chini, na Shangazi akajibu kwa neno moja. Baiskeli yenyewe ilishachukuliwa na mpwa wa marehemu. Akamchorea.

"Huu ndio utakaovuka," Mama Uji anasema sasa, akijinyoosha mgongo. Jua limeshapanda. Anaukagua ukuta kutoka kushoto, kisha kulia, kisha kwa kuinama. Anamtazama Shangazi. "Au siyo?"

Shangazi anauangalia mchele wake.

"Kazi nzuri," anasema, anaingia ndani.

*

Mwandishi alirudi kijijini miezi mitatu baadaye. Mvua zilikuwa zimekwisha, kila kitu kilikuwa kijani hadi kuumiza macho, na njia ilikuwa na utelezi uliomlaza chini mara mbili. Nyumba zote zilikuwa wazi, kuta zake kahawia tupu. Kwa mbali aliiona baiskeli.

Ilikuwa pale pale. Gurudumu la nyuma lilichuja kidogo kwa chini, ambapo maji ya paa hurukia. Mengine yote yalikuwa mazima, hadi vifungo vya koti.

Mama Uji alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele yake, mikono mapajani, uso wake si wa mshindi. Ilikuwa Alhamisi. Bintiye alikuwa anakuja Jumamosi kuona kwa macho yake.

"Umefaulu!" mwandishi alisema. "Hongera sana."

"Nimefaulu," alijibu. "Muulize mwenye ukuta."

Shangazi alikuwa anakamua. Hakusimama. Alizungumza akiwa ameegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, maziwa yakipiga ndooni, na alivyoendelea maziwa yakawa yanatoka kwa kusitasita.

"Mwanangu, mvua ya kwanza nilikaa mlangoni kama kila mtu. Nikaona za wenzangu zinakwenda. Yule redio yake imekwenda, yule viatu vya mtoto wake vimekwenda, wote wanazisindikiza. Nikangoja ya kwangu. Nikangoja wiki. Ya kwangu haikwenda."

Alikamua kidogo.

"Mzee alikuwa akirudi kituoni, anaiegemeza pale pale, anatundika koti, anaingia kunywa maji. Miaka arobaini na minne. Sasa mimi naamka, usingizi bado machoni, nafungua mlango, naiona. Moyo unaruka: karudi! Kabla akili haijafika, moyo umeshafika. Kila siku. Yule mtu alikufa mara moja, lakini mimi amenifia asubuhi zote za mvua."

Mama Uji alikuwa amekuja nyuma yao, hawakumsikia.

"Mbona hukuniambia, Shangazi?"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unaiombea ipone. Ningekuombea urudi mjini?"

Ng'ombe alipiga mkia.

"Nisubirie mpaka Jumamosi," Mama Uji alisema mwishowe. "Aione tu. Siku mbili."

"Nitasubiri," Shangazi alisema. "Miezi mitatu nimesubiri, siku mbili zitanishinda?" Akaendelea kukamua.

Mwandishi aliomba mahali pa kulala, akapewa mkeka jikoni. Anaandika alichokiona Ijumaa asubuhi kwa sababu aliamka kwa mlio wa komeo. Shangazi alikuwa anafungua mlango. Aliufungua akiwa amefumba macho. Alipapasa kizingiti kwa mguu, akashika fremu, akageuza uso upande wa zizi, na akatembea hivyo hivyo hadi alipoupita ukuta. Ni mama wa miaka sabini na ushei, kwenye ua wenye utelezi.

Mama Uji naye alikuwa ameamka. Alikuwa dirishani kwake, anaona.

Alitoka na ndoo ya maji na gunia kuukuu, akalilowesha, akalibandika juu ya koti la kijivu. Mpungate ulikuwa umeshika kwelikweli. Ilibidi aloweshe, angoje, akwangue kwa kijiko, aloweshe tena. Mwandishi alitoa simu angalau apige picha moja ya mwisho, iwe ushahidi kwa binti.

"Usipige," Shangazi alisema kutoka zizini. "Ikiwepo, nitakuja kukuomba niitazame."

Simu ikarudi mfukoni.

Ilichukua mpaka jua la saa nne. Koti liliondoka kwanza, kisha usukani, kisha magurudumu. Maji meusi na ya kijivu yalishuka ukutani, yakakatiza uani, yakapita kati ya miguu ya kuku. Shangazi alileta kigoda chake, akakaa mlangoni na kikombe cha chai. Aliyasindikiza maji yale kwa macho mpaka yalipoingia kwenye mahindi. Alilia, bila kujificha, na chai akainywa yote.

Jumamosi binti alifika na mkoba wa kubebea vitu vya mama yake. Ni mwanamke mrefu, ana macho ya mtu anayefanya zamu za usiku. Alimwamkia Shangazi, akamkumbatia mama yake, kisha akasimama mbele ya ukuta mtupu uliosuguliwa upya.

"Haukupona," alisema, kwa upole.

"Ulipona," mama alisema. "Nimeufuta jana."

"Mama."

"Shangazi alikuwa hawezi kuupita. Nikaufuta."

"Hata picha ya simu hukupiga?"

"Sikupiga."

Mwandishi alifungua mdomo atoe ushahidi, akatazamwa kwa jicho lililomfundisha adabu. Binti alimwangalia Shangazi, akaangalia ukuta, akaangalia mikono ya mama yake, ambayo kwa kukwangua ilikuwa imechubuka vidole. Yeye ni muuguzi. Aliishika mikono ile akaigeuza, akatafuta dawa mkobani, akaanza kuvifunga kimoja kimoja.

"Kwa hiyo ulishinda," alisema, "ukashindwa kwa makusudi."

"Ahadi ni ahadi. Ukuta haupo. Nitafunga vitu vyangu." Mama alielekeza kidevu kwenye kigoda. "Ila kwanza kaa. Umetoka mbali."

Alimsogezea kigoda. Binti akakaa, bado ameshika kidole cha mwisho. Na Mama Uji, kwa mazoea au kwa sababu nyingine, akamuuliza lile analowauliza wote.

"Mwaka huu umeona nini, mwanangu?"

Binti alicheka kidogo. Alisema mambo ya kawaida, kazi nyingi, foleni, kodi imepanda. Mama alinyamaza, kama anavyojua kunyamaza. Kisha binti akavua viatu, akavipanga ubavuni, akasema, "Kuna mambo sikukuambia."

Mwandishi aliondoka akaenda kuwatazama ng'ombe. Yaliyosemwa pale ni yao. Anaweza kusema tu kwamba chai iliandaliwa mara mbili ikapoa mara mbili, na kwamba Shangazi, anayejua kila jambo la kijiji hiki, safari hii alifunga mlango wake mwenyewe ili asisikie.

Jumapili binti alipanda gari kurudi mjini. Mkoba ulikuwa mzito, lakini ndani hamkuwa na nguo za mama. Mlikuwa na udongo, mwekundu na ule wa zambarau, umefungwa vizuri kwenye mifuko ya unga. Jumatano akatuma ujumbe, na Mama Uji ameuhifadhi, anausoma kwa sauti: "Chumba cha uani nimekipangisha. Usije ukanisumbua."

Pipa la mpungate amelimwaga. Siri ya kuutengeneza, anasema, atampa atakayeihitaji kwa ukuta wa choo au wa birika la maji. Msimu ujao ana kuta ishirini na mbili zilizokwisha kuagizwa, na zote zimeombwa zifutike. Wa kwanza ni wa Shangazi, ambaye ameshatangaza kwamba anataka ndama, na anataka awe mnene.

Lakini kabla ya zote ana safari. Mavuno yakiisha atakwenda mjini wiki moja kuchora ukuta wa chumba cha kulala cha bintiye, juu ya kitanda, kwa udongo ule uliotangulia. Atachora nini hasemi.

Mwandishi anamkumbusha kwamba huo ni ukuta wa ndani, na ndani hainyeshi. Utafutikaje?

Mama Uji anaangalia vidole vyake, vimeshapona.

"Nitakwenda kuufuta mwenyewe," anasema. "Kila mwaka. Nabeba gunia langu, nabisha hodi, namuuliza ameona nini."